Siku Saba za Kufika London

Ndege ikipita juu ya milima yetu, Mwalimu alikuwa anaacha kufundisha. Hata kama yuko katikati ya neno. Chaki inabaki pale pale ubaoni, yeye anageuza uso dirishani na kuusikiliza ule mlio mpaka uishie huko upande wa Same. Kisha anatugeukia: “Imetoka Dar es Salaam, inakwenda Nairobi. Itatua saa ngapi?” Hapo kila mmoja anainamia kibao chake na kuanza kugawanya maili kwa mwendo. Na jibu likipatikana, msidhani tuliendelea na somo. Tulikaa kimya, mikono juu ya meza, mpaka saa ile ifike. Wakati mwingine ni saa nzima na zaidi, matumbo yananguruma, nzi wanatutembea puani. Saa yake ya mfukoni ilikuwa imelala kiganjani naye haondoi macho juu yake. Ikifika anashusha pumzi na kusema, “Imetua. Fungueni kitabu cha kusoma.” Nani alimwambia imetua? Hakuna. Sisi tuliamini tu, maana Mwalimu wetu alikuwa haulizwi.

Tulimwogopa, jamani. Nimeolewa, nimezaa, nimegombana na makuli wa stesheni ya Same na kuwashinda, lakini hata leo nikisikia mtu anakohoa kama alivyokuwa akikohoa yeye, mgongo unanyooka wenyewe. Hakuwa mtu wa fimbo sana. Fimbo alikuwa nayo, lakini zaidi alikuwa anaiegemea. Silaha yake ilikuwa swali moja. Unajibu, sita mara saba ni arobaini na mbili. Anakutazama. “Una hakika?” Unasema ndiyo, Mwalimu. Anasogea. “Una hakika?” Unachungulia kibao chako. “Una hakika?” Mara ya tatu wengi wetu tulibadilisha jibu, na hapo ndipo tulipochapwa, kwa kuiacha kweli kwa sababu ya hofu. Mimi nilichapwa kwa arobaini na mbili ile ile mara tatu katika muhula mmoja.

Eliwaza, binti yake, alikaa dawati moja na mimi. Yeye hakubadilisha jibu hata siku moja. Nilikuwa namwonea wivu mpaka nikamwuliza, “Wewe humwogopi baba yako?” Akacheka. “Baba mwenyewe ndiye mwoga,” akasema. Nikaona ananidanganya ili anitie moyo.

Shule haikuwa na tufe la dunia, kwa hiyo Mwalimu alijitengenezea la kwake. Alichukua kibuyu kikubwa, akakikwangua, akachora nchi zote kwa wino na masizi. Kibuyu chenyewe hakikuwa mviringo sawasawa, kwa hiyo Bara Hindi lilikuwa limevimba kidogo, na Uingereza ilikuwa karibu na mkia. Upare ulikuwa nukta nyekundu kubwa kuliko Uarabuni. Alipotaka kutuonyesha umbali alitwaa uzi wa katani, akauweka Nairobi, akaunyoosha juu ya jangwa, juu ya bahari, mpaka London, kisha akaupima kwa rula. Maili elfu nne na ushee. “Kwa miguu?” aliuliza. Tulipiga hesabu mpaka vibao vikajaa. “Kwa meli?” Tukapiga tena. “Kwa ndege?” Hapo mara nyingi alikunja uzi wake haraka haraka na kuutia mfukoni, akasema hesabu ile tutaifanya kesho.

Yeye mwenyewe alikwenda kila mahali kwa miguu. Chome kwa miguu, Same kwa miguu, kutwa nzima juani. Lori la mkonge likisimama na dereva akimwita, “Mwalimu, panda twende,” alishukuru na kuendelea na safari yake. Alikuwa na msemo wake: “Kinachokubeba kinaweza kukuangusha.” Watu waliutumia kumcheka. Vijana wakimwona mlevi amebebwa na wenzake walisema, haya, Mwalimu ameshasema. Basi sisi tukamweka katika fungu la watu wa ajabu, msomi anayejua umbali wa dunia yote naye hajawahi kukanyaga ngazi ya gari.

Mambo mengine tuliyaelewa vibaya kabisa. Siku za ukungu, wakati wa mvua za vuli, ukungu ulikuwa unashuka mpaka huoni kisigino cha mwenzako aliye mbele. Tukitoka shule siku hizo Mwalimu alikuwa anatufuata kwa nyuma, mbali kidogo, fimbo mkononi. Tukisikia ile fimbo inagonga mawe tulinyamaza kama tuko kanisani. Tulisema anatuvizia, anataka kusikia nani anaongea Chasu badala ya Kiswahili. Tulimlaani moyoni! Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia mama yangu akisema kwamba njia ile ilikuwa na korongo, na kwamba Mwalimu alihesabu vichwa vyetu hapa na akavihesabu tena ng’ambo. Mtoto akikosekana alikuwa anarudi juu mwenyewe kumtafuta. Nasi tulikuwa tunajificha vichakani kwa makusudi ili tumkomoe.

Sasa niseme juu ya mfagio, maana bila mfagio hamtanielewa.

Kwetu, mtu akienda safari ya mbali, uani hapafagiliwi. Ukifagia umefuta nyayo zake, na mtu asiye na nyayo nyumbani atarudia wapi? Majani yanaanguka, maganda ya ndizi yanakauka, kuku wanatapanya majivu, na mama mwenye nyumba anapita juu yake mpaka habari ije kwamba mtu wake amefika. Siku ya habari ndiyo siku ya mfagio. Majirani wakisikia mfagio unalia wanajua, wanakuja kunywa uji. Mwalimu alikuwa analipinga jambo hili darasani. Ni ushirikina, alisema, nyayo haziko ardhini, ziko kwa Mungu. Lakini mke wake, Mama Mwalimu tulivyokuwa tukimwita, mwanamke mnene wa kicheko, kiongozi wa kwaya, alilishika kama alivyolishika bibi yake, na Mwalimu hakuthubutu kumkataza.

Walikuwa na mtoto wa kwanza wa kiume, kaka yake Eliwaza. Alichukuliwa vitani, vita vile vya Waingereza na Wajerumani mara ya pili, akapelekwa kwa meli nchi ya Burma. Siku alipoondoka Mama Mwalimu alimwuliza mume wake, “Ni muda gani?” Naye, kwa kuwa ndiye aliyejua hesabu, akamjibu: “Mwaka mmoja.” Basi Mama Mwalimu akaweka mfagio juu ya dari na kuanza kuhesabu. Mwaka ukatimia. Siku ile alipika makande ya watu arobaini, akavaa gauni la kanisani, akakaa mlangoni. Hakuja mtu. Siku ya pili akavaa tena. Ya tatu akavaa tena. Hata siwafichi, sisi watoto tulikuwa tunapita pale mbio tumefumba macho. Uani paliota majani, halafu nyasi, halafu mbigili, mpaka barua ya serikali ilipokuja kusema amefia huko, na hata baada ya hiyo barua alikataa kufagia. Wanawake wa kanisa walikwenda wakamshika mikono, mwingine akafagia, naye akilia kwamba wanamfukuza mwanawe. Kilio kile sijakisikia tena popote, wala sitaki kukisikia.

Ni baada ya hapo ndipo Mwalimu alipoanza kusimamisha darasa kwa ajili ya ndege. Waliosoma kabla yetu wanasema hakuwa hivyo.

Miaka ikapita. Mimi niliolewa Same, mume wangu fundi wa reli, nami nikafungua kibanda cha chai mkabala na posta. Eliwaza akawa muuguzi. Siku moja akaniletea habari kwamba amechaguliwa kwenda Uingereza kusomea ukunga, miaka mitatu, na kwamba atakwenda kwa ndege. Nilipiga vigelegele mpaka abiria wa stesheni wakageuka. Halafu nikakumbuka. “Baba yako anasemaje?”

“Amesema niende,” akajibu. “Alitoka nje, akakaa kule kwenye migomba, akarudi akasema niende. Lakini macho yake, ndugu yangu! Kama mtu aliyeambiwa akate mkono wake mwenyewe.”

Usiku wa kuamkia safari alilala kwangu. Akanieleza yote: kesho Jumatatu basi mpaka Nairobi, Jumanne asubuhi ndege inaruka, wanalala usiku mmoja njiani, Jumatano jioni wako London. “Alhamisi mtapata simu yangu ya maandishi pale posta,” akasema. “Maneno mawili tu, nimefika salama.” Ni maneno mawili au matatu, tukabishana kwa kicheko, na asubuhi akapanda basi na sanduku lake la bati, akiwa amevaa viatu vilivyombana.

Jumatano jioni, nikiwa nafunga kibanda, namwona Mwalimu anakuja barabarani, mavumbi mpaka magotini. Ametembea tangu alfajiri.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti yangu. Nimekuja kufuata chaki ofisi ya elimu.”

Chaki! Shule zimefungwa mwezi mzima. Nikamtengea maji ya kuoga. Mume wangu akampisha kitanda naye akakataa, akalala kwenye kiti cha kamba. Alhamisi asubuhi kabla karani wa posta hajafungua, Mwalimu alikuwa tayari ameketi barazani, kofia gotini. Karani alikuwa kijana wa Tanga, mpole, hana neno na mtu. Kila alipochungulia nje alikutana na yale macho. “Bado, mzee,” alisema. Hakuwa ameulizwa.

Ijumaa akaja mwanamke wa kwetu, kashuka na ndizi za soko. Nikamwuliza habari za kijijini kwetu Suji. “Nzuri tu,” akasema. “Mama Mwalimu anakusalimu. Uani kwake pamechafuka, we acha tu, lakini mwenyewe ametulia, anaimba. Mwalimu kamwambia ndege ni siku saba kufika London, kwa hiyo anahesabu mpaka Jumanne.”

Nilishika birika vibaya nikaungua. Siku saba? Eliwaza alinitajia siku mbili kwa mdomo wake. Na huyu baba, aliyetuchapa kwa arobaini na mbili, ambaye hakuwahi kukosea hata kibaba cha unga, ndiye aliyekosea hesabu hii? Nikageuka nikamtazama kule barazani. Hapo ndipo nilipofahamu. Hakukosea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yeye ya kwake aliirefusha mpaka siku saba.

Na kama yeye alijua ni siku mbili, basi alijua kwamba jana ilikuwa ndiyo siku yenyewe, na imepita. Nami nilijua. Tangu saa ile hofu ikaniingia mwilini haikutoka. Nilikuwa natia chumvi kwenye chai ya watu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alilichukua mwenyewe. Posta ilipofungwa jioni alipasua kuni zangu zote, akapasua na gogo nililokuwa nakalia. Mume wangu akanikonyeza, “Mwache.” Shoka lilipanda na kushuka mpaka giza likaingia.

Jumamosi ikaja. Kwetu Suji hiyo ni Sabato, na Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya Sabato hakukata hata mkono wa ndizi. Nilijua atakwenda kusali na wale waumini wachache wa mjini. Nilipofika kibandani nikamkuta barazani pa posta, na Biblia haijafunguliwa. Hapo niliogopa kweli kweli. Nilisema moyoni, huyu mtu ameona jambo ambalo sisi hatujaliona.

Mchana akaja kunywa chai. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno, ametoka Moshi. Akakaa, akaomba maandazi, akaanza: “Mmesikia? Ndege imeanguka huko. Jangwani, njia ya Misri. Wote, kwisha.”

Mwalimu akaweka kikombe chini taratibu.

“Ilikuwa inatoka wapi?” akauliza, kwa sauti ile ile ya darasani.

“Huku huku kwetu, nadhani.”

“Unadhani, au una hakika?”

“Mzee, mimi nimesikia tu.”

“Iliruka siku gani? Nani alikuambia? Yeye aliambiwa na nani?”

Dereva akaanza kuona haya. Alisema aliyemwambia ni utingo, na utingo kasikia dukani kwa Mhindi mmoja, na huenda ilikuwa ya mwezi uliopita, huenda haikuwa Misri. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kila jibu. Akalipa chai, akavuka barabara kwenda posta. Baada ya muda akarudi, akaniomba chai. Nikampa. Akalipa, akavuka bila kuinywa. Akarudi mara ya tatu akaniomba chai, na vikombe vyake viwili vimekaa mezani vimejaa, vimepoa.

Nikashindwa. Nikamfuata mpaka barazani, nikaketi chini karibu na miguu yake kama mtoto. “Mwalimu,” nikasema, “Eliwaza aliniambia. Ni siku mbili. Alisema Alhamisi.”

Alitazama kushoto na kulia. “Umemwambia mtu?”

“Hapana, ila mume wangu.”

“Usimwambie mwingine. Mama yake asijue. Nakuomba.” Mwalimu akaniomba mimi! “Yeye siku zake ni saba. Mpaka Jumanne hana shida, anaimba. Hizi ni zangu.”

“Lakini kwa nini, Mwalimu?”

Punda wa Wamaasai walipita na maji, akawatazama mpaka wakaisha. “Yule wa kwanza nilimpimia mwaka mmoja,” akasema. “Niliutoa wapi mwaka mmoja? Hakuna aliyeniambia. Aliniuliza mbele ya watu nami nikaona aibu kusema sijui. Uliona mwenyewe mlangoni pale. Siku ya kwanza kavaa gauni, siku ya pili kavaa gauni. Nilikuwa nimelala chumbani nasikia anavyolifungua sanduku kulitoa. Kumpa mtu namba, binti yangu, ni kumpa siku ya kuanza kuogopa. Nikasema safari hii nitaisogeza mbele, ianze kwangu.”

“Na sasa unaogopa?” Swali la kijinga, lakini lilinitoka.

“Naogopa hata meno yananiuma,” akasema. “Naogopa usiku na mchana. Nikifumba macho naona ule uzi wangu wa katani, katikati hapa, juu ya jangwa, umekatika.”

Nilikuwa sijapata kumwona mtu mzima anayesema hivyo bila kuona haya. Nililia mimi, yeye hakulia. Nikafuta uso na kanga, nikasema tupeleke simu Nairobi, tuwaulize wenye ndege, watu wa ofisi wanajua. Mume wangu alikuwa tayari kulipa.

Mwalimu akatikisa kichwa. “Nikiuliza,” akasema, “watanijibu.”

Nikarudi kwenye chai yangu.

Jumapili posta haifunguliwi, lakini alikaa pale pale mbele ya mlango wenye kufuli, upepo wa Same unamjaza vumbi usoni. Watoto walikuja kumshangaa. Mimi nilipika, hakula. Nilimwambia mume wangu kwamba Jumanne ikifika bila neno, nani atapanda Suji kumwambia yule mama? Mume wangu akasema, “Yeye mwenyewe.” Nikaona kweli ndivyo atakavyofanya: atapanda mlima kwa miguu na kwenda kusimama mbele ya mke wake juu ya yale majani, kwa mara ya pili. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayako katika kitabu chochote cha sala.

Jumatatu, jua likiwa limepanda, nikamwona karani wa posta anatoka. Hakuchungulia kama siku zote. Alitoka mwili mzima, na karatasi mkononi. Mwalimu alisimama. Kisha akakaa. Kisha akanyoosha mkono wake si kuipokea, bali kuikinga, kama mtu anayezuia pigo.

“Mzee, chukua,” karani akasema. “Ni yako.”

“Isome wewe.”

“Mzee, ni nzuri!”

“Isome.”

Karani akasoma kwa sauti ili na sisi wa ng’ambo tusikie: nimefika salama. Yalikuwa maneno mawili. Nilirusha kanga juu, nikapiga vigelegele, abiria wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Mwalimu alikuwa anatazama mdomo wa karani. “Una hakika?” akauliza. Karani akasema ana hakika. “Una hakika?” Yule kijana, Mungu ambariki, akamwekea karatasi gotini na kumshika bega.

Baadaye ilikuja barua ikaeleza yote. Injini iliharibika, wakashuka Khartum, wakakaa siku nne wakisubiri chuma cha kubadilisha, na Eliwaza alikuwa na hela ya kupeleka simu moja tu, akaona aitunze mpaka afike. Alisema joto la pale lilimkumbusha Same. Alikula vizuri, alilala vizuri, wala hakuogopa hata kidogo, na alijua baba hawezi kuwa na wasiwasi kwa sababu baba anajua hesabu.

Lakini siku ile hatukujua hayo. Mwalimu aliikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati, akasema anapanda nyumbani sasa hivi. Kwa miguu asingefika kabla ya Jumanne mchana, na huko mama angeanza kuhesabu saa. Dereva mmoja wa mkonge alikuwa anaelekea Makanya. Mwalimu alilitazama lori. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Akaweka mguu kwenye gurudumu, akapanda, akashika chuma kwa mikono miwili na kufumba macho, na hakuyafumbua mpaka Makanya. Mimi nilipanda naye, maana nilimwona hawezi kufika peke yake. Kutoka hapo tukaupanda mlima, mimi nikihema nyuma, mpaka tukafika kwake jua likiwa karibu kuzama.

Mama Mwalimu alikuwa uani anapepeta mahindi juu ya takataka zake za wiki nzima. Alipotuona akainuka nusu. Mwalimu akainua karatasi. “Amefika,” akasema.

Yule mama hakusubiri kusomewa. Aliutoa mfagio darini akaanza kufagia, mwili wote unacheza, vumbi linapanda, na majirani wakaanza kutokea kwenye migomba huku wanaimba. Alifagia mpaka miguuni pa mume wake, akasimama, akahesabu kwa vidole, akaanza kucheka.

“Mwalimu!” akasema mbele ya wote. “Leo ni Jumatatu! Wewe ulisema saba, mwanangu kafika kwa sita. Kawahi siku nzima. Hesabu yako imekosea!”

Watu wakacheka. Nani aliwahi kumwambia Mwalimu hivyo na kubaki salama? Nikamtazama, nikingoja lile swali lake. Mdomo wake ulicheza kidogo.

“Nilikosea,” akasema.

“Sema tena wasikie!”

“Nimekosea kwa siku moja, mama. Ndege imekimbia.”

Mama Mwalimu akampiga bega kwa mfagio kwa mapenzi, akaenda kuweka sufuria ya uji motoni. Mwalimu akazunguka nyuma ya nyumba. Nilipoona harudi nikamfuata na kata ya maji. Nilimkuta ameushika ukuta kwa mikono yote miwili, ametapika. Nikamnywesha, maana mikono hakuitoa ukutani. Kule mbele walikuwa wanaimba, sauti ya mke wake iko juu ya zote.

“Pole, Mwalimu,” nikamwambia. “Basi, yamekwisha sasa.”

Akanigeukia na macho mekundu, na nikaona kwamba bado yuko pale pale barazani pa posta.

“Yamekwisha nini, binti yangu?” akasema. “Bado kurudi.”